Endebess: Mali na Safari za Watu wa Mlima Elgon

Kutoka mji wa Kitale hata soko la Endebess si mbali; kilomita hazifiki 20. Msafiri apandaye matatu asubuhi huwa na Mlima Elgon mbele yake muda wote wa safari, lakini akiwa mgeni huenda asiutambue kuwa ni mlima. Elgon hauna kuba la theluji kama Kilimanjaro, wala majabali yaliyosimama kama ya Mlima Kenya. Umelala mpana kama ng'ombe aliyeshiba. Upana wake chini wapata kilomita 80, na kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Uganda. Upande wa Kenya kilele kijulikanacho ni Koitobos, chenye mita 4,222. Wabukusu na Wagisu huuita mlima huo Masaba. Na jina la Elgon lahusiana na Wakony, ambao ni sehemu mojawapo ya kabila la Wasabaot.

Kushoto na kulia mwa barabara ni mahindi. Mwezi wa Aprili huonekana udongo uliolimwa na mistari ya miche midogo. Mwezi wa Agosti mahindi humfunika mtu pamoja na kofia yake. Na ifikapo Novemba punje zimekwisha kutandazwa juu ya maturubai kando ya njia zikauke, na watoto wamekaa wakizilinda kwa fimbo, kuku na mbuzi wasizikaribie. Sokoni Endebess kuna Wasabaot, Wabukusu, Wakikuyu, Waturkana na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mtu akiuliza bei ya gorogoro moja ya maharagwe hujibiwa papo hapo. Lakini akinyosha kidole na kuuliza, "Shamba lile ni la nani?" hapo jibu huwa refu, na mara nyingi huanza na habari za babu.

Jibu hilo ni refu kwa sababu katika nchi hii mali imepimwa kwa vipimo vitatu kwa nyakati mbalimbali. Kwanza ilipimwa kwa ng'ombe. Pili ilipimwa kwa mahali pa kulala usiku bila kuibiwa, yaani pango. Tatu ikaja kupimwa kwa karatasi. Vipimo hivyo havikupatana tangu mwanzo, na hata sasa wako watu ambao kwa kipimo kimoja ni matajiri, na kwa kipimo kingine hawana kitu.

Katika karne ya kumi na tisa nyanda ambazo leo ni mashamba ya Trans Nzoia zilikuwa malisho. Nyasi zilikuwa nzuri, maji yalikuwa mengi, lakini hazikuwa na amani. Wamasai wa Uasin Gishu na majirani wengine walizipita mara kwa mara kutafuta ng'ombe, na mwenye ng'ombe wachache hakuwa na sababu ya kulala nao uwandani. Kwa hiyo Wakony walipanda mlimani. Mchana walishuka na mifugo kwa uangalifu, na jioni walirudi juu, wakaingia mapangoni.

Mapango hayo ni ya ajabu, na inafaa kuyaeleza kidogo. Yako mengi kuuzunguka mlima. Katika sehemu ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa, kupitia lango la Chorlim lililo karibu na Endebess, wageni huonyeshwa manne: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum laingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Mlangoni maji hudondoka kutoka juu kama pazia. Ndani ni giza, vumbi na popo. Katika mapango yaliyokaliwa na watu mlango ulizibwa kwa miti iliyosimamishwa wima na kukazwa, ukaachwa uwazi wa kupita ng'ombe mmoja tu. Ndani zilijengwa nyumba ndogo, zikawekwa ghala za nafaka, na mifugo ikapewa upande wake. Moshi wa miaka mingi uliyatia dari weusi, na weusi huo waonekana hata leo. Pango halikuwa la kila apitaye: lilikuwa na wenyewe, na mgeni aliingia kwa ruhusa yao, kama vile aingiavyo nyumba ya mtu.

Mzungu Joseph Thomson, aliyesafiri kwa miguu kutoka pwani kupitia nchi ya Wamasai, alifika upande wa kusini wa mlima huu mwishoni mwa mwaka 1883, akawakuta watu na ng'ombe wao mapangoni. Alishangaa sana. Aliwauliza ni nani aliyeyachimba, nao wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu, maana zana zao ndogo zingewezaje kufanya jambo kubwa namna ile? Thomson hakuridhika. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1885 alidhani kuwa huenda Wamisri wa kale walifika huko kutafuta vito. Kwa kweli wenyeji walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yeye. Maji ndiyo yaliyoanza kazi, yakaula mwamba laini wa majivu ya volkano. Kisha wakaja wachimbaji ambao Thomson hakuwafikiria, nao ni ndovu. Mwamba wa Elgon una chumvi, na ndovu wa mlima huu huingia mapangoni usiku, wakapapasa njia gizani kwa mkonga, wakabandua mawe kwa pembe na kuyatafuna. Nyati na pongo hufuata kulamba yaliyobaki. Watu nao walichimba chumvi hiyo wakawapa ng'ombe wao. Kwa hiyo pango lilikuwa nyumba, tena boma, tena duka la chumvi, kwa pamoja.

(Mgeni wa leo hushauriwa awe na hadhari na popo. Katika mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wamelitembelea pango la Kitum walifariki dunia kwa ugonjwa wa Marburg, ambao virusi vyake huchukuliwa na popo walao matunda.)

Kuhusu ng'ombe, mgeni huhesabu vichwa na kudhani kuwa amekwisha kujua utajiri wa mwenye boma. Sivyo. Katika nchi ya Wasebei, ndugu za Wasabaot walio upande wa Uganda, kulikuwa na mapatano yaitwayo namanya. Mtu akihitaji dume la kuchinja, labda kwa sherehe au kwa deni, naye hana, humwendea mwenzake mwenye dume. Hupewa dume hilo, naye hutoa mtamba. Mtamba huyo hukaa kwa mwenye dume mpaka azae ndama jike. Ndama huyo akikua huwa mali ya aliyetoa dume, na mama yake hurudi kwa mwenyewe wa kwanza. Mambo hayo huweza kuchukua miaka mingi. Ng'ombe akifa njiani, au akizaa madume tu, deni halifi, hurithiwa. Hivyo mzee mwenye ng'ombe 20 bomani huenda wake mwenyewe wakawa 8 tu, na wengine 15 wake wamo katika maboma ya watu mbali, ng'ambo ya mito miwili. Mali yake imetapakaa kama mbegu. Ugonjwa au wezi wakilimaliza boma moja, hawezi kufilisika siku hiyo hiyo.

Vilevile ng'ombe waligawiwa nyumba za wake. Ng'ombe aliyekwisha kuwekwa katika nyumba ya mke mkubwa hakuweza kuchukuliwa na mume akamwolee mtoto wa mke mdogo, isipokuwa kwa mapatano. Hiyo ilikuwa ngao ya mama na wanawe. Mtaalamu wa Marekani, Walter Goldschmidt, aliyekaa katika nchi ya Wasebei katika miaka ya 1950 na 1960, aliandika kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 1969, juu ya mzee mmoja tu, Kambuya, na jinsi jamaa zake walivyokaa baada ya kifo chake kuhesabu ng'ombe wake. Wana walibishana juu ya ng'ombe mmoja mmoja: huyu ni mjukuu wa yule aliyetolewa kwa mahari ya shangazi, yule ni wa deni la zamani. Hakukuwa na daftari hata moja. Kila kitu kilikuwa katika kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wengi zilizokutana baraza moja ndizo zilizokuwa mahakama. Karani aliyezoea risiti na mihuri ataona hiyo ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo ilifanya kazi, kwa sababu kila shahidi alijulikana na baba yake alijulikana.

Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa mmoja: haukuonekana kwa mtu asiyeujua.

Mwaka 1902 Serikali ya Kiingereza iliihamisha iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, ikaitia katika eneo ambalo baadaye likaitwa Kenya, na mpaka ukapita juu ya mlima. Mto Suam ukawa mpaka upande mmoja, na Lwakhakha upande mwingine. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta katika nchi mbili. Baada ya hapo maofisa wakaitazama Trans Nzoia. Waliona nyasi nzuri na watu wachache. Wenye ng'ombe walikuwa juu, mapangoni na pembezoni mwa msitu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa; na malisho yasiyo na nyumba yalihesabiwa kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 mashamba yalianza kugawiwa Wazungu, na baada ya vita wakaja walowezi wengine waliokuwa askari. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale kutoka Eldoret, na mahindi ya Trans Nzoia yakapata njia ya kwenda baharini.

Hapo ndipo karatasi ilipoanza kutawala, tena si karatasi ya ardhi peke yake. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa na kipande, kilichowekwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Bila kipande hakuweza kutembea kwenda kutafuta kazi, wala kuiacha kazi bila sahihi ya bwana wake. Mtu ambaye baba yake alishuka uwandani asubuhi na kurudi mlimani jioni bila kumwuliza mtu, sasa alitembea akiwa na idhini ya mwingine kifuani.

Wengi waliingia katika mashamba kama wafanyakazi wakaazi, yaani maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mtu wa namna hiyo afanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, naye apewe mahali pa kulima na kulishia mifugo yake. Kwa mwenye ng'ombe hayo hayakuwa mapatano mabaya sana, maana alirudi kulisha katika nyasi zile zile za babu yake. Lakini ng'ombe waliongezeka, na walowezi wakaogopa magonjwa ya mifugo, tena wakaogopa kwamba akaaye muda mrefu na ng'ombe wengi mwishowe husema hapa ni pangu. Sheria ya mwaka 1937 iliyapa mabaraza ya wilaya ya walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi hata 270, na wa kupunguza ekari na idadi ya mifugo ya wakaazi. Mtu aliambiwa auze ng'ombe au ahame nao. Auze kwa nani, naye robo yao ni wa namanya, si wake? Ahamie wapi, na mlima umekwisha kuwa msitu wa Serikali?

Katika mwaka 1932 iliundwa Tume ya Ardhi chini ya Jaji Morris Carter, ikapita nchi nzima kusikiliza madai. Wazee wa Wakony walitoa yao: kwamba nyanda za Trans Nzoia zilikuwa malisho yao. Ripoti ya tume ilitolewa mwaka 1934. Wakony hawakurudishiwa nyanda. Walielekezwa juu, Chepkitale, katika nyasi zilizo juu ya msitu, mahali penye baridi kali ambapo mahindi hayakomai. Penye ng'ombe, kondoo na nyuki panafaa. Kwa mkulima, la.

Katika miaka hiyo alipita mgeni mwingine ambaye habari yake yapaswa kukumbukwa. Huyo ni Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyechunguza ndoto za watu. Mwaka 1925 alipiga kambi kwenye mteremko wa Elgon pamoja na wapagazi wake, akazungumza na wazee kwa Kiswahili alichojifunza kwa shida. Aliuliza juu ya ndoto. Mganga mmoja mzee alimwambia, huku machozi yakimlengalenga, kwamba zamani waganga waliota ndoto, wakajua kama vita au maradhi yanakuja, kama mvua itanyesha, na wapi mifugo ipelekwe. Tangu Wazungu walipofika, ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa Bwana D.C. ndiye ajuaye yote. Jung aliona kwamba mzee alihuzunika kwa kupoteza sauti ya Mungu. Huenda ni kweli. Lakini mchungaji asikiaye habari hiyo ataona pia jambo jingine lililo wazi zaidi: ndoto ya wapi mifugo ipelekwe haina kazi tena, ikiwa mahali pote pa kuipeleka pamekwisha kupimwa na kupewa namba.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yalibadilisha wenyewe. Mengine yaligawanywa kuwa makazi ya wakulima wadogo. Mengine yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika: watu walichanga fedha, wakapewa cheti cha hisa, wakasubiri kukatiwa ekari zao. Mengine, hasa upande wa Endebess, yaliwekwa chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoanzishwa mwaka 1965, ambalo hulima mahindi ya mbegu na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ndiyo sababu msafiri huona, upande huu wa ua, shamba moja lisilo na mwisho, na upande ule vijumba vilivyosongamana vya watu wanaofanya kazi humo, ambao baadhi yao ni watoto na wajukuu wa maskwota.

Wakati huo huo mahindi yenyewe yalibadilika. Katika kituo cha utafiti cha Kitale wataalamu waliichanganya mbegu ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu iitwayo H611. Ilizaa kuliko mbegu za nyumbani kwa kiasi ambacho mkulima hakuhitaji mizani kukiona. Wakulima wadogo waliipokea upesi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Lakini mbegu hiyo yatakiwa kununuliwa upya kila mwaka, pamoja na mbolea. Na mkopo wa kununulia mbolea watafuta dhamana. Dhamana ni hati ya ardhi. Ng'ombe hazikubaliki kwa urahisi mezani pa benki, na pango halikubaliki kabisa.

Mlimani nako mambo hayakutulia. Mwaka 1968 sehemu ya mashariki ya mlima, yenye kilomita za mraba 169, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mapango makubwa yakawa ndani yake. Upande wa pili wa msitu, katika wilaya ya Bungoma, watu wa Chepkitale walianza kuhamishwa mwaka 1971, wakapelekwa Chebyuk wapate mashamba. Chebyuk ilipimwa, ikagawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena. Kila mara wengine walipata karatasi na wengine wakanyang'anywa. Ugomvi huo ndio uliozaa kundi la silaha lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot, lililoua, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, watu zaidi ya 600 kati ya mwaka 2006 na 2008. Mwezi wa Machi 2008 jeshi la Serikali liliingia mlimani, nalo likashutumiwa kwa kuwatesa wanaume waliokamatwa. Maelfu walikimbia. Endebess yenyewe iliwapokea wakimbizi katika mahema mwanzoni mwa mwaka huo, wengine wakiwa wamefukuzwa mashambani katika fujo za baada ya uchaguzi. Chepkitale ilikwisha kutangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Na mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma ikawapa haki Waogiek waliodai kuwa ni nyumbani kwao.

Ni vigumu kuyasoma hayo bila kukumbuka wana wa Kambuya. Wao nao walibishana, lakini walikaa baraza moja, kila mmoja akiijua nasaba ya kila ng'ombe. Orodha ya Chebyuk iliandikwa ofisini, na aliyefutwa humo hakuwa na mzee wa kumwendea aliyekuwepo siku ya kuandikwa.

Na safari je? Kwa miaka mingi kusafiri kutoka Endebess kwenda Suam, mpakani, kulitegemea mawingu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu lilimfunika abiria hata nyusi. Wakati wa masika lori lililojaa magunia lilizama matopeni, na nyuma yake yakapangana mengine mpaka jua litoke. Mgonjwa alibebwa kwa pikipiki, na pikipiki iliposhindwa, kwa machela. Punda ndiye aliyekuwa na hakika ya kufika. Alichukua magunia mawili, akapita vichochoro vya kando, wala hakuhitaji daraja. Watu wa Suam na wa Bukwo, ng'ambo, walivuka kwa miguu siku za soko na mahindi, viazi, vitunguu na mbuzi, na aliyekuwa na shangazi upande wa pili alilala huko. Mto Suam wenyewe, ambao hapo ni kijito cha kawaida tu, hugeuka kaskazini, ukaitwa Turkwel, ukaenda kumalizikia Ziwa Turkana. Ilhali mto Koitobos, uanzao mlima huo huo, humwaga maji yake katika Nzoia, yakafika Ziwa Viktoria, na kutoka hapo yakaufuata mto Naili mpaka Misri. Kwa hiyo mvua moja inyeshayo juu ya Elgon yaweza kugawanyika safari namna hiyo.

Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kutengeneza barabara kutoka Kapchorwa katika Uganda mpaka Kitale: kilomita 73 upande wa Uganda, na kilomita 45 upande wa Kenya, kutoka Suam kupitia Endebess. Lami ikaja. Mkulima aliyekuwa akiwauzia madalali mahindi yake shambani kwa bei waliyoitaja wao, kwa kuwa lori lingeweza kukwama, sasa aweza kungoja. Maziwa ya asubuhi hufika Kitale kabla hayajachacha. Mama mjamzito hafi njiani kwa sababu ya tope. Hakuna mtu wa Endebess apendaye kurudi nyuma.

Lakini lami huleta pia wageni wa namna nyingine. Kiwanja kilicho kando ya barabara, ambacho jana kilikuwa cha kufungia punda, leo chatafutwa na mwenye kituo cha mafuta. Mnunuzi hushuka katika motokaa, akaamkia, "Shikamoo, mzee," akapokea kibuyu cha maziwa yaliyotiwa mkaa kama desturi, akanywa, akasifu. Kisha huuliza, "Hati iko, mzee?"

Mzee humtuma mjukuu wake aingie nyumbani akalete sanduku. Ndani ya sanduku kuna mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kuna karatasi zilizokunjwa mara nyingi: cheti cha hisa za kampuni ambayo viongozi wake wamekwisha kufa, barua ya kugawiwa, risiti ya ada ya mpimaji, pengine ramani iliyochorwa kwa kalamu. Hati yenyewe haimo, au imo lakini kwa jina la baba aliyefariki zamani, na urithi haujapitishwa mahakamani. Hapo ndipo binti walioolewa na wajane huingia katika mazungumzo, kwa kuwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010, huwapa fungu. Na katika boma ambalo zamani kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake, mara nyingi mjane hukuta jina lake halimo katika karatasi hata moja. Akiwahi kwenda kwa chifu kuchukua barua, na kutoka huko akaenda mahakamani Kitale na majina ya warithi wote, aweza kulizuia shamba lisiuzwe. Akichelewa, ua hupigwa upya, na nguzo za saruji ni vigumu kuzing'oa kuliko za miti.

Mnunuzi huyatazama makaratasi, akayakunja vizuri, akayarudisha. Husema atarudi. Mzee huyafunga tena katika nailoni, naye mjukuu huenda kuwafungulia ng'ombe, ambao wanne kati yao ni wa mtu wa Bukwo.